Mzee Wino na Vipeperushi vya Diwani

Shemeji yangu, mume wa dada, mji mzima unamwita Mzee Wino. Jina alilopewa na mama yake wanalijua dada na ofisi ya leseni tu. Alivuka mpaka akiwa na miaka ishirini na miwili, mkononi sanduku moja na redio, akaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko. Bosi wake alipozeeka, akamwachia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe amelishika miaka thelathini na moja! Kadi za harusi, ratiba za mazishi, ripoti za shule, vyote vimepita mikononi mwake, na wino umemkaa kwenye kucha hadi sabuni imekata tamaa.

Mimi pale nakata karatasi, nahesabu na kufunga. Nina mdomo, sikatai. Yeye hana, ila umguse kwenye habari za Afrika. Hapo chai itapoa. Redio ilimlisha maneno hayo tangu utotoni: kwamba mipaka tulichorewa na wengine, kwamba sisi ni watu wamoja. "Shemeji," ataniambia huku akipangusa mashine, "mimi sikuhama nchi. Nilihama chumba."

"Nyumba moja, sawa," namjibu. "Mbona kila mwaka wewe tu ndiye unayeomba kibali cha kulala?"

Hucheka mpaka miwani inamteremka puani. Lakini uraia ameuomba mara tatu, na mara zote tatu anaambiwa faili liko njiani. Sijui linatambaa.

Mwaka jana diwani wa kata yetu alituletea kazi mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilikuwa vipeperushi vya kuwapokea wajumbe wa mkutano wa mataifa ya Afrika, ambao wangepita mjini kwetu. Juu picha yake, kacheka meno yote, chini, "Afrika ni nyumba moja. Hakuna mgeni nyumbani kwake." Mzee Wino aliichapa kazi ile kana kwamba ni kadi ya harusi ya binti yake. Siku mbili baadaye ikaja ya pili. Picha ile ile, meno yale yale, na chini, "Soko letu, leseni zetu. Wageni wafunge maduka." Baraza la mji lilikuwa lipige kura Ijumaa kuhusu sheria ndogo ya kuwanyima leseni wasio raia. Sheria ikipita, Mzee Wino ana siku thelathini za kufunga kiwanda.

"Mrudishie kazi yake!" nilimwambia. "Unajichimbia kaburi na koleo unanunua mwenyewe?"

"Mchapaji akianza kuchagua maneno ya watu," akasema, "kesho atayakataa na yako." Akawasha mashine. Haki ya Mungu, siku ile ningeweza kumpiga.

Sasa, kwa asiyejua kazi yetu: mashine ikiwashwa haichapi vizuri papo hapo. Wino huanza mzito, au mwepesi, au umekaa kombo. Kwa hiyo hatuharibu karatasi mpya. Tunaipitisha kwanza mikaratasi iliyoharibika ya kazi iliyotangulia, kwa nyuma, mpaka maneno yatulie. Kisha mikaratasi hiyo inakwenda kapuni. Kuitupa ni kazi yangu. Siku ile nilikuwa nafunga mabunda huku machozi yananitoka, sioni vizuri, namlaani diwani na ukoo wake. Sikuitupa. Nikaifunga pamoja na kazi nzuri, karatasi kama mia mbili hivi.

Alhamisi vijana wa diwani wakavigawa vipeperushi sokoni. Kufika saa nne soko halinunui wala haliuzi, linacheka. Wauza nyanya wanageuza karatasi: mbele wageni wafunge maduka, nyuma hakuna mgeni nyumbani kwake! "Jamani, huyu ana midomo mingapi?" Diwani akaja kiwandani anafoka. Akasema amehujumiwa, akasema mnaona sasa wageni walivyo, na kwamba kesho barazani huo ndio utakuwa ushahidi wake.

Nilitaka ardhi inimeze. Dada akamsihi mumewe asiende. Mzee Wino akavaa aproni yake safi, akaenda, nasi nyuma yake.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alipomruhusu, shemeji yangu alisimama, mikono imemtulia. "Waheshimiwa, kosa ni la kiwanda changu, na naliomba radhi. Karatasi zile zilipaswa kutupwa. Maneno lakini hatukuyatunga sisi. Pande zote mbili zina picha ya mheshimiwa." Akamgeukia diwani. "Desturi ya kazi yetu, kilichoharibika hurudiwa bure. Kesho asubuhi nitakuchapia upya, karatasi elfu mbili, upande mmoja tu. Niambie, mheshimiwa, nichape upande upi?"

Wajumbe wa mkutano wanafika Jumatatu, na watu mia tatu wanamtazama mdomoni. Diwani akajikohoza. Akajifuta jasho.

"Sema, baba!" mama mmoja wa nyanya akapaza sauti. "Tuna kazi sokoni!"

"Ule wa... nyumba moja," akasema.

Weee! Ukumbi uliripuka. Vigelegele, meza zinapigwa, mwenyekiti anagonga rungu lake na hasikiki. Kura ikapigwa hapo hapo kwa kunyoosha mikono: kumi na saba wakaikataa sheria ile, wanne wakaiunga mkono. Na kati ya ile mikono kumi na saba ulikuwamo wa diwani mwenyewe, juu kabisa, aonekane.

Watu walimbeba Mzee Wino hadi barabarani, aproni inapepea, yeye anaomba ashushwe. Walipomshusha akaweka miwani sawa, akatuangalia mimi na dada.

"Kesho tufungue mapema," akasema. "Mji wetu una kazi nyingi."

Mji wetu! Miaka yote nimemsikia akisema mji wenu, barabara yenu, diwani wenu. Afrika nzima aliiita yake, ila kata hii moja aliogopa kuitamka. Dada alimshika mkono, hakuuachia. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nililia tu pale barabarani.