Kufuli la Handaki

Nilinunua kufuli kuzuia maji. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanisifu huko mbele halafu akajuta. Mtu mzima, nimefika kidato cha nne, nimezaliwa Mafia na sijakaa kwingine zaidi ya wiki mbili, nilikwenda Kilindoni nikachagua kufuli kubwa kuliko yote dukani, nikalifunga juu ya shimo lililokuwa likiingia maji, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Shimo lenyewe lilikuwa birika la babu. Nyuma ya nyumba yetu, upande huu wa Utende, babu alichimba kwenye jiwe la matumbawe akatengeneza tangi la chini la kuwekea maji ya mvua. Kina chake ni kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu, na upana ni wa chumba kidogo. Siku nilipolichungulia nililikuta kavu, lina vifuu na mijusi, na lingebaki hivyo kama si ule upepo.

Upepo ule kila mtu wa Mafia anaukumbuka. Mabati ya chumba cha mama yaling'oka moja baada ya jingine, mama akiwa chini ya meza na mimi nikiwa nimeishika meza isije nayo ikaruka. Jirani yetu, mama mmoja mjane anayelima mwani, alituita kutoka upande wa pili wa ua twende kwake. Marehemu mumewe alimwachia chumba kimoja kilichofunikwa kwa zege, nondo zimesimama juu hadi leo zikingoja ghorofa. Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba sisi tuko salama. Bati jingine likaondoka nikiwa katikati ya sentensi.

Kwa nini nilikataa? Sikuwa nikimwamini. Kuna mnazi mpakani, na kwa miaka yote nimekuwa na yakini kwamba mnazi ule huangusha nazi upande wake kwa makubaliano naye.

Baada ya upepo dada yangu alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Mama avuke, akaishi naye. Mama, ambaye miguu yake siku hizi inamtii akiibembeleza, alifikiri siku mbili, kisha akanipa jibu wakati namwekea chai. "Masika yajayo yakinikuta sina pa kujificha, naondoka. Sirudi chini ya meza."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza redio na simu barazani kwangu, na safari yangu ndefu ni kutoka barazani hadi uani, ambako mama hukaa akinikosoa. Mama akiondoka, sijui ningekuwa natoka barazani kwenda wapi.

Basi nikaanza kutazama video za watu wa nchi za baridi wanaojijengea nyumba chini ya ardhi. Wana vitanda, wana taa, wana makopo ya maharage hadi juu, na wana macho ya kuangalia mlango muda wote. Vitu vyao nilivipenda. Macho yao niliyaiga.

Nikasema: hili jambo lisijulikane. Kijiji kikijua nina handaki, upepo ukija watajaa humo wote, mama akose pa kukaa. Kwa hiyo nikamwita fundi kutoka Kanga, asiyejuana na mtu kwetu, nikamwambia natengeneza karo la choo.

Fundi akashuka, akatazama kuta nilizozichora kwa chaki.

"Hizi ni nini?"

"Rafu."

"Karo la choo lina rafu?"

"Hili lina."

"Na hapa umeandika taa."

"Ndiyo, taa."

Akachanganya mchanga na saruji. Jioni ile alipokuwa anaondoka akaniambia kwa upole, "Bwana, ukizipata hizo rupia za Mjerumani, unikumbuke na mimi."

Kufikia sala ya magharibi kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba nachimba mali iliyofukiwa na Mjerumani. Siku ya pili jirani aliniwahi penye ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unachimba nini huko?"

"Choo."

"Choo mnacho."

"Hiki cha wageni."

"Wageni gani? Toka nikujue hujawahi kupata mgeni."

Nikajichekesha, nikarudi ndani. Anataka nini huyu? Mtu asiye na nia mbaya anauliza mara mbili?

Fundi alimaliza sakafu na kuta kwa siku nne. Shimo lilikuwa kavu kama unga. Alijenga ngazi fupi za saruji ambazo mama angeweza kuzishuka kwa makalio. Nikaweka bomba la plastiki la kuingiza hewa, kichwani nikalifunga wavu panya wasipite. Juu ya rafu nikaweka betri ya sola, taa mbili, redio niliyoitengeneza mwenyewe na ambayo kwa hiyo ilikuwa ikikamata stesheni moja. Chini nikapanga madumu ya maji ya kunywa, mfuko wa mchele, dengu, mafuta ya taa, mkeka, godoro la mama, na msahafu ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Mlango nikauchonga kwa mbao za mwembe, mzito, wa kulala juu ya mdomo wa shimo. Nilikaa chini kule alasiri nzima peke yangu. Sijawahi kujisikia mwenyeji wa mahali kama siku ile.

Siku chache baadaye nikafungua kumwonyesha mama, nikakuta maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Godoro limelowa. Mchele umevimba kwenye mfuko wake.

Mvua haikuwa imenyesha. Nikachovya kidole, nikaonja. Maji yalikuwa na chumvichumvi.

Nikainua macho, na nani ninayemwona akipita upande wa pili wa ua? Jirani, amelowa hadi kiunoni, ndoo mkononi.

Nawaomba mnielewe. Maji ya chumvi shimoni, na mwanamke aliyelowa maji ya chumvi ana ndoo. Hata hakimu angeinuka akaenda kunywa chai, kesi imekwisha.

Asubuhi yake nilikuta maji yameondoka, sakafu inang'aa tu. Nikasema, ona ujanja wake, kaja kuyachota kuficha ushahidi. Nikanunua lile kufuli. Nikamwaga majivu kuzunguka mlango ili nione nyayo. Nikafungua daftari nikaanza kumwandika: leo katoka mapema, leo karudi adhuhuri amelowa, leo kakaa nyumbani, anajifanya anasuka ukili wa mkeka.

Zikapita siku nyingi kavu. Nikajua kufuli limemtisha. Nikaanika godoro, nikalirudisha. Mama alinitazama nikilishusha. "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haya."

Halafu jirani akaanza tena kurudi amelowa, na alasiri ileile nikafungua kufuli nikakuta maji kwenye vifundo vya miguu. Juu ya majivu palikuwa na nyayo za kuku peke yake.

Mtu mwingine hapo angejiuliza. Mimi nilisema: ana ufunguo.

Dada alikwisha kutupigia kwamba anakuja kumchukua mama, boti ya kwenda Nyamisati, mwisho wa mwezi. Sikuwa na muda wa adabu. Nikamwita jirani, naye akaja vilevile, kanga zinadondosha maji, akaketi karibu na mama. Nikasimama mbele yao kama karani nikasoma daftari lote, tarehe kwa tarehe, hadi kwenye ukili.

Nilipomaliza jirani akamgeukia mama. "Hili daftari ni langu mimi?"

"Lako," mama akasema. "Anakuandika kila siku. Nilidhani anataka kukuposa."

Jirani akainuka. "Njoo na hayo macho yako."

Alinipeleka kwenye kisima chake, hatua ishirini kutoka shimoni kwangu. Maji yalikuwa juu, ungeweza kuinama ukayachota kwa kata. Akanionyesha mstari wa ukungu ukutani, chini sana, karibu na kitako. "Wiki iliyopita yalikuwa pale. Maji mafu, bahari haijai. Leo bamvua. Bahari ikijaa sana na visima vinapanda. Ikipwa, vinashuka. Mimi mwani naufuata siku za bamvua, asubuhi maji yakipwa mbali. Ndizo siku unazoniona nimelowa. Fundi wako alipiga sakafu siku gani?"

Tarehe sikujua, ila shimo lilikuwa kavu kama unga: maji mafu. Fundi wa Kanga asingejua shimo letu, na kijijini kwetu nisingemwuliza mtu.

"Na babu yako alilitupa hilo birika kwa nini, unafikiri? Lilipasuka chini, likawa linaonja bahari. Mimi nililikuta hivyo nilipoolewa hapa. Nilikuuliza unachimba nini nikwambie. Ukaniambia choo cha wageni."

Tukarudi. Nikamwuliza mama kama na yeye alikuwa anajua habari za birika.

"Kwa nini nisijue? Nimekaa nyumba hii tangu hujazaliwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema ni siri. Nikakutunzia."

Nilikaa juu ya mlango wa handaki langu. Chini yangu nilisikia dumu moja likielea, likigonga ukuta polepole. Mama akajifunga ushungi wake vizuri, akaniuliza swali ambalo kwa miezi yote ile nilikuwa nikilikimbia. "Basi nimwambie nini dada yako? Niende au nikae?"

Nikafungua mdomo. Jirani alikuwa anakamua pindo la kanga, hata hakunitazama.

"Mama yako haendi popote. Upepo ukija analala kwangu, chini ya zege. Na wewe ukitaka kuingia utapiga hodi kama watu, na hilo kufuli uliache hukohuko kwako."