Mkono wa Kulia wa Mgeni Rasmi

Vijana wananijia nyumbani Hamugembe, hapa Bukoba, wakitaka kuona picha za zamani, na kila mmoja lazima aniambie kwamba picha haidanganyi. Nimechoka kuwajibu. Nawapa kiti, nawashushia makopo ya picha, nawaacha wajifurahishe. Nilikuwa na studio ndogo Miembeni kwa miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa ya namna mbili. Kwanza watu wa kawaida: harusi, kipaimara, mama na mtoto mchanga, mzee aliyeuza kahawa akanunua koti na anataka lionekane. Pili kazi za ofisi: barabara, zahanati, madarasa, chochote ambacho wananchi walikijenga kwa kujitolea baada ya Uhuru. Ya kwanza niliipenda. Ya pili ndiyo iliyonilisha, na mpaka leo ikinijia akilini nakosa raha.

Ilikuwa kazi ya kuudhi jamani. Watu mia wanachimba tangu asubuhi, matope mpaka magotini, halafu wewe unaambiwa usipoteze filamu, msubiri mgeni rasmi. Mgeni anafika saa nane, anashika jembe kidogo, unapiga picha, anaingia kwenye gari. Ukienda ofisini baada ya mwezi unakuta barabara nzima, pale ukutani, ameichimba yeye na viatu vyake vinavyong'aa.

Siku moja nikapelekwa upande wa Muleba kupiga picha ya kalvati. Wananchi walikuwa wamefungua barabara ya kutolea kahawa, na mgeni alikuja kuweka jiwe la mwisho. Kalvati lenyewe lilikuwa mbele ya vibanja viwili, yale mashamba yetu ya migomba na mibuni, vinavyopakana. Kimoja kilikuwa cha mama mmoja na mumewe, kingine cha shemeji yake, ndugu wa mumewe. Katikati ulisimama mulamula, ule mmea ambao kwetu Wahaya ukishapandwa mpakani hakuna mwenye akili timamu anayeugusa. Nilisimama ziwa likiwa mgongoni, Muleba kushoto kwangu na Bukoba kulia, kalvati likawa katikati ya picha, mulamula ukaingia pembeni, na nyuma wananchi wakajipanga mstari wakaziba migomba na mibuni yote. Mgeni akachukua mwiko wa fundi kwa mkono wa kushoto, maana ndio aliouzoea, akapaka saruji. Nikapiga.

Picha ilipofika ofisini karani aliitazama akakunja uso. Akasema mkubwa hawezi kuonekana anajenga taifa kwa kushoto, watu watasema nini.

"Lakini ndivyo alivyofanya," nikamwambia.

"Wewe si fundi? Irekebishe."

Nilirudi studio nimefura. Lakini nilikuwa na mke, na ofisi ndiyo iliyokuwa ikinipa kazi. Nikaingia chumba cha giza, nikaitia filamu kwenye mashine upande wa nyuma mbele, nikasafisha picha nyingine. Ukifanya hivyo, kila kilicho kushoto kinahamia kulia. Mkubwa akawa anapaka saruji kwa mkono wa kulia, safi kabisa. Karani akafurahi. Picha moja ikabaki kwake, nyingine ikapelekwa kutundikwa ofisi ya kijiji kule kule kwenye kalvati. Nikaisahau.

Miaka ikapita, Azimio likaja, kila mtu akawa ndugu, na yule shemeji akawa balozi wa nyumba kumi. Kaka yake, mume wa yule mama, akafariki. Halafu likaja greda kupanua mtaro, na dereva wake, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akausomba mulamula pamoja na udongo. Haukupita mwezi, shemeji akatangaza kwamba mpaka ulikuwa upande wa huku wa kalvati, wa Bukoba, siyo kule wa Muleba.

Yote haya niliyajua mama mwenyewe alipokuja studio. Alifika na basi la asubuhi, amejifunga kitenge cha msiba, akakataa kukaa.

"Mwanangu, ile picha ya kalvati ulipiga wewe?"

"Mimi, mama."

"Shemeji ameitoa ofisini ameipeleka kwenye baraza. Inaonyesha mulamula uko upande wa Bukoba. Wewe ulikuwepo. Mulamula wenyewe ulikuwa upande gani?"

Kibanja chake kiko upande wa Bukoba, cha shemeji upande wa Muleba. Mulamula ulikuwa umelivuka kalvati, upande wa Muleba, kwa hiyo hatua kama kumi na tano ng'ambo ya kalvati zilikuwa za mama. Na katika hatua hizo ndiko ilikokuwa mibuni yake yote. Kwingine alikuwa na migomba ya kula tu. Akiipoteza mibuni hana cha kuuza, na shemeji alishaanza kumwambia arudi kwao alikozaliwa. Mimi, kwa kumpamba mtu mkono, nilikuwa nimemhamishia mpaka.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mama wa watu.

Nikamweleza. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Aliuliza tu kama filamu bado ninayo. Ninayo, nikasema, na nitakuja mwenyewe. Siku hiyo hiyo nikasafisha picha nyingine, safari hii ikiwa sawa.

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule. Wazee walibanana kwenye madawati ya watoto, na mmoja wao alikuwa katekista mstaafu. Balozi alikaa mbele, ameshika picha yake ya ofisini kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Nikaweka yangu mezani, nikasema ile yake imegeuzwa.

"Tutajuaje?" akauliza mwenyekiti.

"Waitu, wazee wangu, shati la kiume mfuko uko kifuani kushoto. Tazameni la mgeni kwenye picha ya balozi."

Darasa zima wakajipapasa vifua. Hata balozi alijishika. Katekista akaisogeza picha karibu na macho, akasema kweli, mfuko uko kulia, na vifungo vimekaa kama vya blauzi. Watu wakacheka. Nikamtazama mama, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshusha mabega. Nikadhani tumemaliza.

Balozi akasimama taratibu. Sijui kama alijua tangu mwanzo. Akasema, "Mwenyekiti, naomba aulizwe ni nani aliyeigeuza."

"Ni nani?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliagizwa na karani wa ofisi."

"Yuko wapi?"

"Alihamishwa mkoa mwingine."

"Una barua ya hayo maagizo?"

Nani anaandika barua ya kuomba mkubwa abadilishwe mkono? Nikatoa filamu yenyewe, nikampa, nikamweleza kwamba upande usiong'aa ndio wenye dawa, na kwamba ndio unaoonyesha kushoto ni wapi. Mwenyekiti akaishika dirishani. Akaitazama hivi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nikiishika hivi mulamula uko Muleba," akasema. "Nikiigeuza uko Bukoba. Na wewe unataka niamini upande unaoniambia wewe."

"Siyo mimi, ni dawa, mwenyekiti."

"Dawa umeipaka wewe."

Haipakwi na mimi, inatoka kiwandani, lakini hebu mweleze mtu hilo mbele ya darasa lililojaa. Nilijaribu. Nilipandisha sauti, na hilo lilikuwa kosa. Katekista alinihurumia lakini hakunisaidia. Alisema kwa upole, "Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Aliyeweza kumgeuza mkubwa, mpaka utamshinda?" Wakazikataa picha zote mbili, ya balozi na yangu, wakasema zina mkono mmoja. Zilipoondoka hizo ukabaki ushahidi wa majirani. Majirani wenyewe walikuwa nyumba zile zile kumi ambazo balozi ndiye aliyezisimamia. Mmoja alisema hakumbuki. Mwingine alisema mulamula ulikuwa pale pale kwenye kalvati, hapo hapo. Wa tatu hakufika. Mibuni ikaenda kwa shemeji.

Mama alinisindikiza barabarani kungoja basi, ingawa nilimwambia asijisumbue. Nilikuwa na hasira na karani, na mwenyekiti, na zaidi na nafsi yangu, nikawa napiga teke mawe kama mtoto. Basi lilipoanza kusikika mlimani akaniuliza.

"Mwanangu, ni hiyo peke yake? Katika zile picha zote za ofisi, hukugeuza nyingine?"

Nikaikumbuka zahanati tuliyoijaza chupa za dawa za kuazima, zikarudishwa jioni. Nikalikumbuka darasa jipya ambalo halikuwa na wanafunzi, tukawaleta wa shule nyingine wakakaa wananyamaza. Nikakikumbuka kijiji cha ujamaa ambako familia moja ilisimama mbele ya nyumba nne, wakibadilishana makoti kila tukihama. Zote hizo bado zilikuwa zimetundikwa ukutani.

"Ni hiyo peke yake, mama," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kusema kweli.