Kwenye mfumo mimi si mkulima

Admin, ficha jina langu na la kitongoji, maana huku Kasulo, Ngara, tunajuana wote. Nina miaka thelathini na nane, mke wa mtu, mama wa watoto wanne, na nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani, kwa sababu kosa nililifanya kwa mkono wangu.

Misimu miwili iliyopita kampuni moja ya mazao ilitafuta mtu wa kusajili wakulima. Nimefika kidato cha nne, wakanichagua. Nikapewa kishikwambi, nikafundishwa kuzunguka shamba kwa miguu huku chenyewe kinachora ramani, halafu unajaza mazao, namba ya simu na jina la mkulima. Afisa wao alisema taarifa zikiwa nyingi watajua mbegu gani inatufaa, mbolea iletwe wapi na mvua inakuja lini. Nilimwamini. Na ujumbe wa mvua ulikuja kweli, waliousikiliza wakavuna, siwezi kusema uongo.

Sasa sikieni nilichofanya. Huku kwetu mwanamke akiulizwa shamba ni la nani, anamtaja mume, hata kama mume mwenyewe hajui mpaka uko wapi. Ndivyo tulivyolelewa. Jirani yangu, nimwite Mama Jeni, nilimkuta kainama anapalilia, nikamuuliza niandike nani.

"Andika mzee," akasema. "Mimi nina shamba gani?"

Nikaandika mzee, na namba ya simu ya mzee. Karibu kila nyumba ilikuwa hivyo. Nilipofika kwenye shamba langu la bondeni, ambalo baba yangu mzazi alinipa mbele ya kaka zangu wote, nikaandika jina la mume wangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mume wangu yuko Bisibo, Biharamulo, analima huko, nyumbani anakuja sikukuu. Msimu huu kampuni ikamtumia ujumbe kwamba shamba lake la Kasulo linafaa mahindi ya mkataba, akikubali abonyeze moja. Akabonyeza. Hakuniuliza. Mimi nimeshapanda maharage na yameanza kutoa maua, na trekta yao inakuja Jumatatu ya wiki ijayo kulima.

Nilimfuata afisa ofisini kwao Ngara mjini. Akaniamkia kwa adabu zote, shikamoo mama, nikaitikia marahaba, akafungua kompyuta.

"Mama, mfumo unaonyesha shamba ni la mzee. Wewe haumo."

"Nisiwemo vipi, na mimi ndiye niliyelizunguka?"

"Upo, ila kama mkusanya taarifa. Kwenye wakulima haumo."

Nikampigia mume wangu. Akacheka. "Si uliandika mwenyewe? Waache wataalamu wafanye kazi." Akakata simu. Nililia njiani kama mtoto, dereva wa bodaboda akadhani nimefiwa.

Afisa anasema marekebisho yatafanyika kwenye usajili mpya unaoanza Alhamisi hii, na anayetakiwa kusajili ni mimi tena. Nikijiandika, wanawake wengine nao watataka kuandikwa, na mama mkwe ameshasema nimeleta kishikwambi kuvunja nyumba za watu. Nikiikataa kazi, ataletwa mgeni, atauliza jina, na wanawake watajibu vile vile. Juzi Mama Jeni kaja mpaka jikoni kwangu. Ujumbe wote wa mbegu huwa unaingia kwenye simu ya mumewe, na mumewe hamwambii.

"Wewe ndiye uliyeniacha nje," akaniambia. "Basi uniingize."

Orodha imeshafika. Nyumba ya kwanza ni yangu, na mama mkwe tunakaa naye ua mmoja, atakuwa amesimama pale pale nikijaza. Ndugu zangu, msinitukane kwanza, nishaurini. Pale penye jina la mkulima, niandike nani?