Siku Niliyokatazwa Kuikagua Ndege ya Mke Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini Maskati, mhandisi mkuu hakunipa hata spana. Alinipa kitambaa, nifute mabawa ya ndege ndogo ya abiria huku jua la Agosti likinichoma utosini. "Bawa chafu halipandi, Khalfan," akasema. Mimi nikaona mzee ananionea tu.

Nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa ndege mna kompyuta za kukwambieni kila kitu. Sisi tulikuwa na macho, viganja na makelele ya mhandisi mkuu. Nilifanya naye kazi jangwani kwenye visima vya mafuta, kisha kampuni ikatupeleka milimani Uturuki kubeba wapimaji ardhi. Huko ndiko nilikoijua jalidi, umande unaoganda juu ya bawa, mwembamba, unakwaruza kama msasa. Ukiuona utaudharau. Lakini upepo ukipita juu yake unavurugika, na ndege hunyanyuka kidogo tu ikaanguka.

Majira ya baridi yale mke wangu Zuwena alikuwa amenifuata, na mimba yake kubwa. Mamake akipiga simu kila siku kutoka kwao Darsait, Maskati, mjukuu wake lazima azaliwe nyumbani. Zikipita siku chache tu, mashirika ya ndege yasingempokea tena. Nafasi ikapatikana kwenye ndege yetu hadi mji mkubwa, akapandie huko ya Maskati.

Asubuhi ya safari mabawa yalikuwa meupe, na dawa ya kuyeyushia barafu imetuishia. Rubani wa kampuni jirani akamwagia ndege yake maji ya moto, bawa likang'aa. Sisi watu wa joto tukashangilia! Rubani wetu naye akafanya vilevile. Zuwena akapanda, akafunga mkanda. Nikachukua tochi nikague, mhandisi mkuu akaninyang'anya.

"Leo wewe mume, si fundi. Mwenye mtu wake ndani hakagui, huona anachotaka kuona. Kaa pembeni."

"Ati siaminiki?"

"Huaminiki. Angekuwa mke wangu, na mimi nisingeaminika."

Wallahi nilikasirika, nikamnunia.

Ndege ya jirani ikatangulia. Ikanyanyuka, ikalala ubavu, ikajibamiza thelujini mwisho wa njia. Sote tukapiga ukelele. Mhandisi mkuu alikuwa ameshika kibawa cha nyuma ya bawa letu, kile kinachoinamisha ndege kushoto na kulia. Hakichezi! Maji yameteremkia kwenye bawaba, yakaganda upya.

"Usiwashe!" akamfokea rubani. "Shusha watu!"

Wale wenzetu walitolewa hai, mmoja kavunjika mguu. Mimi nilimkumbatia Zuwena mbele za watu, nalia bila haya, naye ananiuliza, "Sasa mama nitamwambia nini?"

Uwanja ulifungwa, barabara za milimani zikajaa theluji, na binti yetu akazaliwa kulekule. Mkwe wangu alininunia mpaka mtoto akaota meno. Mhandisi mkuu nilimbusu mkono, akanisukuma, "Toka hapa, nenda kafute mabawa."

Sasa nimestaafu, nakaa Mabela, hapa hapa Maskati, na nna raha zangu. Juzi binti yangu alirudi kutoka ofisi moja kakasirika.

"Baba, kila wakiona kwenye pasipoti mahali nilipozaliwa wananiuliza kulikoni. Nimechoka kukieleza kisa hiki!"

"Kieleze tu, mwanangu," nikamwambia. "Alhamdulillahi upo, unakieleza."