Chapo Hakuniuma, Nilimsingizia

Kosa ni langu. Silitupi kwa shetani wala kwa foleni ya magari. Nilisema uongo kwa mdomo wangu huu, na niliyemsemea uongo ni mbwa. Ndiyo, mbwa! Chekeni tu, jiji zima limeshacheka.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, Hurlingham. Wazazi wangu ni watu wa Mombasa ila mimi nimezaliwa na kulelewa Ngara, kwa hiyo ulimi wangu una miji miwili. Kazi naipenda. Ugonjwa wangu ni mmoja: kuchelewa.

Wiki hiyo ilikuwa ya harusi ya binamu yangu, harusi yenyewe Jumamosi. Jumatatu alfajiri mpakaji wa hina akaja nyumbani, nami nikasema nikae dakika kumi tu anichore maua kidogo. Dakika kumi! Maua yalianza kidoleni yakapanda mpaka kiwiko. Nilipoangalia saa, nilishika kichwa. Sikukishika sawasawa, kwa sababu hina ilikuwa mbichi.

Nikaruka nje, mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Karibu na jengo letu kuna mtaro, na kando ya mtaro kuna seng'enge. Katika kuruka, waya ukanikwaruza shavu la mguu. Damu kidogo ikatoka. Sikujali.

Nilijali nilipofungua mlango wa kliniki. Saa nne kasorobo! Wagonjwa wamejaa, simu inalia, na Daktari Wangari, mwajiri wangu, amekaa kwenye kiti changu mwenyewe akiandika majina. Ijumaa iliyopita alikuwa ameniambia kwamba anafungua kliniki ya pili Lavington, na anafikiria mimi niende kuwa msimamizi wa mapokezi huko. "Lakini nikuone ukifika mapema," alisema.

Akaniangalia. "Umetoka wapi?"

Wallahi mdomo ulifunguka wenyewe. "Daktari, nimeumwa na mbwa!"

Jamani, uongo una asali! Daktari aliruka kutoka kitini. Wagonjwa wakasahau meno yao. Mama mmoja akanipepea na gazeti. Daktari mwenyewe, mwanamke mwenye heshima zake, akapiga magoti bafuni nyuma akaniosha mguu kwa sabuni na maji ya bomba dakika kumi na tano nzima. Hakuna aliyeuliza tena habari ya saa nne kasorobo.

Kisha akauliza, "Mbwa gani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema sijui. Nairobi haikosi mbwa. Lakini nikamtaja wa kwanza aliyenijia akilini, na aliyenijia ni yule ninayemjua. Chapo.

Chapo ni mbwa wa rangi ya chapati iliyoiva vizuri, sikio moja limekunjika. Hakuwa na mwenyewe. Alilala kando ya kibanda cha Mama Kevo, mama anayetuuzia chai na mandazi chini ya jengo. Kila asubuhi nilimtupia kipande cha mandazi, naye alizungusha mkia mpaka kiuno kikatingishika. Simgusi, maana kwetu mate ya mbwa yana taratibu zake, lakini tulikuwa tunasalimiana. Huyo ndiye niliyemuuza.

Daktari akanipeleka hospitali saa hiyo hiyo. Nesi akauliza, "Huyo mbwa anajulikana? Kama anajulikana afungiwe, aangaliwe siku kumi." Halafu akatoa sindano. Nilidhani ni moja. Ya kwanza begani, nyingine zikazungushwa kwenye mkwaruzo wenyewe. Mkwaruzo wa waya! Nililia machozi ya kweli kwa jeraha la uongo.

"Rudi Alhamisi kwa ya pili," akasema nesi. "Halafu kuna ya siku ya saba na ya kumi na nne."

Ningesema hapo. Sikusema. Kwa sababu ukishalia mbele ya watu, kurudi nyuma ni kugumu.

Kufika Jumanne nilikuwa mtu maarufu. Ofisi zote za jengo zilikuja kunipa pole, na kila aliyekuja nilimwongezea kidogo. Asubuhi Chapo alikuwa mbwa. Saa sita alikuwa ndama. Jioni alikuwa na povu mdomoni na macho mekundu, na mimi nilikuwa nimepigana naye kwa mkoba. Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji mtu akaandika kwa herufi kubwa: MBWA MWENYE KICHAA YUKO HAPA CHINI. Daktari akapiga simu kwa afisa wa mifugo, akaambiwa watakuja Alhamisi mchana kumchukua mbwa aangaliwe.

Lakini Njoro hakutaka kungoja. Njoro ni keateka wa jengo letu, ndiye mwenye funguo zote, naye hapendi mbwa tangu zamani. Akasema kwenye ngazi, kila mtu akisikia, "Afisa wa nini? Hii kitu ni ya kumaliza na matumbo na dawa ya panya."

Nilisikia. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Jumatano Mama Kevo akapanda ngazi kuja kliniki. Hajawahi kupanda. Alikuwa amebeba chupa ya uji wenye ndimu, ameifunga kwa leso.

"Dada, pole sana," akasema, hata hakukaa. "Nimekuja kukuomba msamaha juu ya Chapo. Hiyo mbwa haijawahi uma mtu, hata watoto wa naseri hupita wakimshika maskio. Sijui nini ilimwingia. Nimemfunga na kamba nyuma ya kibanda, lakini hulia, na hukata kamba. Wakimuua nitaelewa. Wewe ni mtu, yeye ni mbwa."

Nikaipokea chupa ya uji. Nikasema, "Usijali, Mama Kevo." Usijali! Mtu anakuomba msamaha wa kosa ambalo halipo, na wewe unampa msamaha! Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Na bado sikusema.

Alhamisi nilitoka kuchomwa sindano ya pili, bega limevimba kama andazi. Saa saba kasorobo nilikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza. Nikamwona Njoro akitoka nyuma ya jengo na sahani ya bati. Matumbo. Akaiweka kando ya mtaro, akarudi nyuma ya gari akajificha. Kwa upande wa kibanda nikamwona Chapo anakuja, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni, pua juu.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningebaki dirishani.

Nilishuka ngazi zile kama gunia la viazi lililofunguka. Kiatu kimoja kikabaki juu. Nikapiga kelele, "Chapo, usile! Usile!" Chapo akasikia sauti ya dada wa mandazi, akafurahi, akaongeza mbio kuelekea kwenye sahani. Nami nikaongeza. Tulifika pamoja, ila mimi nilikanyaga buibui langu, nikateleza, nikaikalia sahani. Yote! Matumbo yakanipanda mpaka mgongoni.

Chapo alidhani nimemwandalia karamu. Akaja kunilamba.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Nimejaa sumu! Akinilamba anakufa. Nikainuka nikakimbia. Na mbwa ukimkimbia, anakufuata. Nilikata Barabara ya Argwings Kodhek na kiatu kimoja, buibui linanuka, utumbo mmoja umening'inia nyuma kama mkia, na Chapo nyuma yangu anabweka kwa raha ya dunia.

Watu wakapiga mayowe. "Ni yeye! Mbwa wa kichaa amemrudia!" Mwenye jiwe akaokota jiwe. Mlinzi wa benki akatoa rungu. Jiwe la kwanza likanipata mimi, kwenye bega lile lile la sindano!

Kando ya barabara kulikuwa na mkokoteni wa maji; nikauzunguka, nikawageukia watu nikatanua mikono, Chapo nyuma ya mkokoteni, mimi mbele. Nikapanda juu ya madumu yake ili Chapo asinifikie na wao wanisikie, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo: "Msimpige! Hakuniuma! Nilidanganya! Nilichelewa kazini kwa sababu ya hina!"

Halafu mwenye mkokoteni, aliyekuwa amesimama akishika kiuno, akauliza polepole, "Ati hina?"

Nikainua mikono nikawaonyesha.

Wueh! Kicheko kile kilisikika mpaka kwenye maduka ya Yaya. Simu kumi zilikuwa zinarekodi. Mlinzi alicheka mpaka akaegemea rungu lake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka pia, nalia nacheka, juu ya madumu, huku Mama Kevo amefika anahema amemkumbatia Chapo shingoni, anamwosha mdomo kwa maji ya mkokoteni. Hakuwa amelamba. Alhamdulillahi, hata tone!

Afisa wa mifugo alifika nusu saa baadaye, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Nikamweleza yote, akaitazama sahani kando ya mtaro, akamtazama Njoro.

"Kuweka sumu barabarani ni ukatili, na sheria inakataza," akasema. "Na hapa watoto wa naseri hupita saa hii. Mmoja angeokota, ungemwambia nini mamake?"

Afisa akanigeukia. "Na wewe, dada. Kuripoti uongo pia ni kosa."

Tulikwenda kituoni pamoja, mimi na Njoro, nikinuka, kila mtu kwenye benchi akasogea. Mimi nikaandika maelezo, nikaonywa vikali. Njoro kesi yake inaendelea na mimi ni shahidi. Shahidi wa aina gani mimi!

Nyumbani, Mama hakunigombeza kwanza. Aliniosha. Mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa taratibu zetu za mate ya mbwa, isije ikawa Chapo alinigusa, na kwa kuwa tunaishi ghorofa ya tatu udongo ukatoka kwenye chungu chake cha mrehani. Kisha ndipo akasema, "Mwanangu, hata kiumbe asiye na ulimi? Hukuona mwingine wa kumzulia?"

Daktari Wangari aliniita Ijumaa. Nilifika saa moja u nusu.

"Mimi naangalia meno tangu asubuhi mpaka jioni," akasema. "Mbwa ana meno arobaini na mawili. Akikuuma anaacha mashimo. Wewe ulikuwa na mstari kama wa rula."

"Ulijua?"

"Nilishuku. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza hakitibiki. Mtu akiniambia ameumwa, sibahatishi na maisha yake. Nikakupeleka, halafu nikangoja useme." Akafunga faili. "Lavington ataenda mwenzako."

Kazi sikufukuzwa. Lakini nafasi ile nilikuwa nimeshaiota, hata rangi ya pazia nilishachagua.

Harusini Jumamosi, bwana harusi mwenyewe, badala ya kumtazama bibi harusi, alinipungia mkono. "Dada wa matumbo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikainama kama malkia. Ningefanya nini?

Pahali ambapo sikucheka ni hospitali. Nilirudi kumwambia nesi kwamba sindano zilizobaki sizihitaji. Naye hakucheka. Akasema, "Jumatatu ile jioni alikuja baba na mtoto aliyeumwa kweli. Dawa ya kuzungushia jeraha ilikuwa imekwisha. Tukawatuma hospitali nyingine." Mtoto alipata huko, yuko salama. Lakini ile safari yao, na hofu ya yule baba njiani, ni mimi niliyeisababisha. Hiyo ndiyo hunirudia nikiwa peke yangu.

Chapo sasa amechanjwa, amehasiwa, ana ukanda shingoni na Mama Kevo ana karatasi yake ya leseni. Siku ya chanjo mimi ndiye niliyeshika kamba, kwa amri ya Mama Kevo. Kwa wiki mbili aliniuzia chai bila neno. Juzi alisema, "Ongeza sukari mwenyewe." Nimeichukua hiyo kama msamaha, nusu.

Ndugu zangu, mkiumwa kweli, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi, mwende hospitali siku hiyo hiyo, msingoje. Mkiona mbwa wa kutiliwa shaka, piteni mbali, iteni afisa, msiweke sumu. Na msimsingizie mnyama, nawaomba! Mtu ukimsingizia atakujibu, atakushtaki, atakutukana mpaka nyanya yako aliye kaburini. Mbwa ukimsingizia, asubuhi yake anakuja kukusalimia.