Mjukuu wa Fundi Hachezi

Wateja wa fundi cherehani wa nyumba ya chini walikuwa na kawaida ya kumsifu mjukuu wake kabla ya kulalamika kwamba nguo zao bado.

"Jamani, mtoto ametulia huyu! Wangu angekuwa ameshakatakata mapazia yote."

Fundi alicheka kwa tabu, maana pini zilikuwa midomoni, kisha akamgeukia mtoto. "Umesikia, mke mwenzangu? Unasifiwa."

Mume waliyekuwa wakigombania, babu wa mtoto, alishakufa zamani, lakini utani wa bibi na mjukuu haudai mume awe hai. Mtoto alitabasamu kidogo na kuendelea kutenga vifungo, vyenye matundu mawili huku, vyenye manne kule. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha zulia chini ya meza ya kukatia. Hapo ndipo palikuwa pake tangu anajua kukaa.

Mama yake, binti pekee wa fundi, aliugua ghafla akafariki mtoto akiwa bado anatambaa. Baba aliendesha malori ya masafa marefu na hakuwa na mahali pa kumlaza mtoto, basi bibi akamchukua. Matanga hayajapoa, mtoto akavuta waya wa pasi. Pasi ilimkosa kichwa, ikamuunguza mkono. Wakiwa kwenye foleni ya hospitali, bibi alimkumbatia na kuwaza kwamba kifo sasa kimeijua njia ya kwake, na mlango ukifunguliwa kidogo tu kitaingia tena.

Kutoka siku hiyo aliweka sheria. Akisema "Pasi!", mtoto hukaa kwenye zulia na hanyanyuki, hata kama ni kwa ajili ya maji au choo, mpaka bibi aseme "Haya, imepoa." Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye alizoea. Mwishowe pasi ikawa imeshapoa zamani, bibi amezama kwenye sare za shule, na mtoto bado amekaa, anasubiri ruhusa.

Shangazi wa mtoto, aliyeishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, alimwomba mara nyingi.

"Nipe nikulelee, mama. Wangu wanne, wa tano hata hatajulikana yuko wapi."

"Ndiyo maana sikupi," fundi alimjibu. "Mimi wangu nataka ajulikane yuko wapi."

Mambo yalianza kubadilika mtoto alipoingia chekechea. Mwalimu, msichana mwenye sauti ndogo, alimwita bibi na kumkalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mjukuu wako anaandika vizuri kuliko wote, bibi. Lakini hachezi."

"Si ndiyo adabu hiyo? Mimi nimemleta kusoma."

"Tulimpa mwanasesere. Wenzake wanambeba, wanamlaza, wanamgombeza kama wanavyogombezwa kwao. Yeye alimpima mabega kwa uzi, akamrudisha."

Fundi alicheka kwa fahari. Mwalimu hakucheka.

"Akisukumwa anasimama tu, bibi. Hakimbii, halii, hasukumi. Akinyang'anywa kitu anatazama. Hayo mimi siwezi kumfundisha ubaoni. Watoto wanafundishana wenyewe, wakigombana na kupatana. Asipojifunza sasa, huko darasa la kwanza watamwonea mpaka achukie shule."

Fundi alirudi nyumbani amenuna. Lakini maneno yalimganda. Jumamosi moja alasiri, watoto wa majirani walipokuwa wakipiga kelele uani, alimfungulia mjukuu mlango.

"Nenda kacheze na wenzako."

"Nikacheze nini?"

"Wanachocheza wao."

Walikuwa wakicheza kujificha. Bibi alichungulia dirishani, akamwona mjukuu anakimbia na wenzake kwa mbio za kiwete, kama mtu aliyeazima miguu. Moyo ulimfurahi. Akarudi kwenye cherehani. Kelele ziliendelea, akajua na wake yumo humo. Mvua ikaanza, watoto wakaingia ndani wakicheka. Akadhani wake amejikinga kwa jirani. Alimalizia kola aliyokuwa nayo mkononi, kisha akaenda kumchukua.

"Hayupo hapa, mama," jirani alisema. "Hakuja."

Waliuliza mlango kwa mlango. Yule mtoto aliyekuwa mtafutaji alijibu huku anatafuna, "Tulimkosa, tukaacha. Tulijua ameenda kwao."

Bibi ndiye aliyemkuta, nyuma ya mapipa matupu chini ya ngazi, amechuchumaa, amekumbatia magoti. Maji ya mvua yalipita miguuni pake. Gauni lilikuwa limelowa, na si kwa mvua peke yake.

"Mwanangu! Kwa nini hukutoka?"

Meno yalikuwa yakigongana. "Hakuna aliyeniambia imepoa."

Fundi alimbeba mpaka ndani, akamwogesha, akamvisha. Mtoto aliuliza kama amekosea mchezo, bibi akasema hapana, aliyekosea ni mtu mwingine.

Kesho yake hakuwasha pasi. Alisukuma meza ukutani, akaketi sakafuni, kiuno kikimuuma.

"Njoo tucheze."

"Tucheze nini, bibi?"

Fundi alifikiri. Yeye mwenyewe alikuwa kifungua mimba. Tangu anakumbuka, mgongoni kwake palikuwa na mdogo wake fulani. Alijaribu kukumbuka mchezo wowote, akapata vipande tu: mahali pa kukimbilia, mtu wa kushikwa, wimbo usio na mwisho. Alimwekea mtoto kitambaa kichwani. Mtoto alikitoa, akakikunja vizuri, akamrudishia.

"Nikutungie uzi?" aliuliza kwa huruma, kama anayemsaidia mtu aliyepotewa na jambo la kufanya.

"Nitungie, mama," bibi alijibu, na akageuka pembeni ili asionekane.

Wiki ile alimpigia simu shangazi. "Njoo umchukue mwanao," alisema, akakata kabla hajabadili nia.

Kituo cha basi kilikuwa na vurugu za asubuhi. Mtoto alivaa gauni jipya, lenye mifuko mikubwa iliyoshonwa mara mbili ili ibebe chochote atakachookota.

"Bibi, nilifanya kosa gani?"

"Hujafanya kosa, mke mwenzangu. Unakwenda kwa ndugu zako."

"Nitakaa kimya zaidi. Sitaomba hata maji."

Shangazi alitazama kando. Fundi alitaka kusema maneno mengi, ila aliona akifungua mdomo atamrudisha mtoto nyumbani. Alimfunga kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Basi likaondoka, na dirishani mtoto alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, hatikisiki.

Miezi ilipita. Wateja waliuliza, "Yuko wapi Bi Kimya wako?" Fundi alijibu, "Kaolewa," wakacheka, naye akaweka pini midomoni ili asiendelee kusema.

Siku moja shangazi alipiga simu, sauti imemwishia.

"Mama, usiniue. Mtoto amevunjika mkono. Wameshamfunga plasta, hajambo. Ila ukitaka kuja kumchukua, nitakuelewa."

Fundi alishika ukingo wa meza. Mguu wake ulishaanza kutafuta kiatu.

"Kavunjikaje?"

"Ukutani, mama. Walikuwa wanakimbizana. Nimewakataza mara mia! Tena yeye ndiye aliyewapandisha wenzake, akiwaita waoga. Kaanguka huku anacheka."

"Yeye? Anacheka?"

"Mtaa mzima ulimsikia."

Simu ilipewa mtoto. Nyuma yake palikuwa na ghasia, mtu akilia kwamba ameibiwa zamu, mwingine akiapa kwamba hakuiba. Sauti ya mjukuu ilikuwa inakwaruza, na fundi hakuitambua mara moja.

"Bibi, hainiumi sana. Usije kunichukua, sawa? Usije!"

Fundi alifumba macho. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kwenda. Angefika kesho jioni. Angemrudisha, amvike nguo safi, amweke mahali ambapo hakuna ukuta wala mbio wala mtu wa kumsukuma.

"Siji, mama," alisema.

"Haya, bibi, wananiita!"

Shangazi akachukua simu. "Nimfungie ndani mpaka apone?"

"Usimfungie," fundi alisema. "Mwambie tu asipande na mkono mmoja."

Aliiweka simu mezani. Mteja mmoja alikuwa mlangoni, amekuja na mtoto wake mchanga na suruali ya kupunguzwa. Alipoona uso wa fundi umelowa machozi alirudi nyuma taratibu, akasema atapita kesho.