Safari Isiyo na Msiba Wala Harusi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na hilo halikuwa jina la mwanawe. Ni kwamba sketi au suruali ikishapita mkononi mwake, pindo lake halifumuki hata nguo yenyewe ichakae ibaki tambara la kudekia. Alishona sare za shule katika chumba kinachotazama barabara, alichopanga pamoja na fundi mwenzake, mwanamke mwembamba ambaye watu walimwita Sindano. Alikuwa mjane mtulivu, asiyejulikana kwa vituko. Kwa hiyo siku alipotangaza kuwa anataka kusafiri, peke yake, kwenda mahali asikokuwa na ndugu wala jamaa, watu walimtazama kama waliosikia vibaya.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyeanza. Alikuja chumbani kwa mafundi, akaketi kwenye benchi la wateja, fimbo katikati ya magoti.

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, kaka. Nakwenda kuona maporomoko."

"Maporomoko ya nini?"

"Ya maji."

"Ya maji!" Mzee akaugeukia ukuta kana kwamba ukuta ungemsaidia kushangaa. "Bomba liko hapo uani. Lifungue, yataporomoka mpaka uchoke. Dada yangu, mwanamke hasafiri peke yake kama kifurushi. Na hata kifurushi, huko kiendako kina mtu wa kukipokea."

Sindano alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Mama Pindo naye alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha. Maana maneno yale, kwa utani wake wote, yalikuwa kweli. Tangu azaliwe hajawahi kusafiri bila kupelekwa. Baba alimpeleka, mume akampeleka, na baada ya mume kufariki wakampeleka wanaukoo, kila mara kwa msiba au kwa harusi. Alijua njia nyingi za nchi kwa kuzipitia huku akilia au huku ameshika sufuria za watu mapajani.

Ni katika safari moja ya msiba alipoyaona maji yale. Walikuwa wanakwenda kumzika mkwe wao upande wa milimani. Yeye alibanwa katikati ya shangazi wawili wanene, mmoja akiomboleza, mwingine akisinzia. Gari lilipokata kona, nje ya dirisha, juu ya kilemba cha shangazi, mlima ukafunguka, na kutoka kileleni maji yalikuwa yanashuka meupe, marefu, hayana haraka, kama kitambaa kinachokunjuliwa na mtu asiyeonekana. Alitaka kusema, "Jamani, tazameni!" Akakumbuka walikuwa wanakwenda kuzika. Akameza furaha yake kama mtu anayemeza kidonge bila maji, na kona ya pili ikayaficha. Hakuwahi kumsimulia mtu. Aliona aibu kwamba katika msiba ule, alichokikumbuka yeye ni kitu kizuri.

Angeweza kukaa na kumbukumbu hiyo mpaka kaburini, kama si macho.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ya macho yake aliijua yeye na daktari tu. Alikwenda kliniki akidhani anahitaji miwani ya kutungia uzi. Daktari akampima, akampima tena, kisha akakunja vidole mfano wa bomba na kuchungulia ndani yake. "Ni presha ya macho, mama. Utaona mbele vizuri tu, lakini pembeni patakuwa panafunga kidogo kidogo. Dawa hii ya matone itachelewesha. Kilichokwenda haitakirudisha." Mama Pindo akauliza ana muda gani. Daktari akasema hajui, hakuna ajuaye. "Tumia dawa kila jioni," akasema, halafu, kama aliyeongeza kutoka moyoni, "na uyatumie macho yenyewe."

Hakumwambia binti yake. Binti, mwanawe wa pekee, alikuwa muuguzi wa zahanati, naye alimpenda mama yake kwa namna ya wauguzi: kwa amri. Angejua tu, cherehani ingeuzwa, angekatazwa kupika, na safari ingekufa kabla haijazaliwa. Mama Pindo alijua anafanya jambo lisilo la haki. Mtu anayejificha hivyo akipotea, watakaomtafuta ndio watakaoumia. Alilijua hilo kila jioni alipoegemeza kichwa na kujidondoshea matone chumbani, mlango umefungwa.

Basi akaanza kujiandaa, na mwalimu wake akawa Sindano, ambaye zamani alikuwa akisafiri kufuata vitambaa mipakani.

"Kiti cha nyuma ya dereva," Sindano alisema, akihesabu kwa vidole. "Si dirishani mwisho, si mlangoni. Fika mchana. Mwanamke mgeni asishuke stendi gizani, hata kama ni bondia. Ukiulizwa uko na nani, mume wako yuko njiani anakuja."

"Mume wangu yuko kaburini."

"Njiani, kaburini, wao inawahusu nini? Vaa pete yako."

Akaitoa pete kwenye kopo la vifungo. Ilikataa kupita kwenye fundo la kidole, ikabidi apake sabuni. Akashona mfuko wa siri ndani ya gagulo, kwa mishono midogo ambayo hata mwizi angeionea huruma. Sindano akamchongea kabari ya mti ya kusukumia chini ya mlango wa nyumba ya wageni, maana, alisema, "komeo za vyumba vya wageni nyingi zimewekwa kwa ajili ya picha." Wakaipata nyumba moja inayoendeshwa na mama mtu mzima, wakampigia simu, wakasikiliza sauti yake kwa makini kama wachumba wanavyosikilizwa.

Mchana, mambo hayo yalimpa nguvu. Lakini akiwa peke yake hofu ilimrudia. Kila alichofundishwa na Sindano kilitaka macho: angalia anayekufuata, angalia anayekaa karibu nawe, angalia pembeni. Na pembeni ndiko kulikokuwa kunafunga.

Asubuhi moja alikwenda stendi kuizoea, ili siku ya safari asionekane mgeni. Alizijua sasa ofisi za tiketi, choo, na mahali pa kungojea. Alikuwa anarudi, moyo umetulia, mkokoteni wa magunia ulipomtokea kushoto. Watu wote waliuona. Msukumaji alipiga kelele, "Kando! Kando, mama!" Yeye aligeuka kuelekea sauti, na kugeuka huko ndiko kulikompeleka mbele ya gurudumu. Alianguka kwa goti na kiganja. Wakamwinua, wakampangusa, wengine wakamgombeza msukumaji, naye msukumaji akaapa, "Ananitazama huyu! Kabisa ananitazama!"

Nyumbani alisema ameteleza ngazini.

Binti akasafisha goti lile. Jeraha la mtu aliyeteleza na jeraha la mtu aliyegongwa muuguzi huyatofautisha. Hakuuliza. Kesho yake, mama akiwa amekaa kwenye kiti anachambua mchele, binti akaja akasimama ubavuni pake na kikombe cha chai mkononi, akamnyooshea. Mama akaendelea kuchambua. Binti akakisogeza kikombe. Mama akapuliza makapi. Mvuke ulikuwa unapanda karibu kabisa na shavu lake.

"Mama," binti akasema, na mama akaruka mchele ukamwagika. "Tazama mbele. Usinigeukie. Vidole vingapi hivi?"

Mama akaukung'uta mchele mapajani.

"Vingapi, mama?"

"Acha mchezo."

"Sichezi." Binti akakiweka kikombe sakafuni. "Tangu lini?"

Basi ikabidi yote yasemwe: kliniki, dawa, mkokoteni. Binti alisikiliza akiwa amekaa sakafuni kati ya punje za mchele. Alipoongea, aliongea kwa hasira, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mimi nawawekea wazazi wa watu dawa za macho kila siku. Kila siku! Mama yangu mwenyewe anajificha chumbani kama mwizi. Na kwa hali hiyo ulipanga kwenda kupotea?"

"Nilipanga kwenda kuona."

"Sawa. Nitaomba likizo. Tutakwenda wote."

"Hapana, mwanangu."

"Kwa nini hapana?"

"Ukija, utanishika mkono. Huwezi kujizuia, najua. Na mimi nitashikwa mkono maisha yangu yote yaliyobaki, sikatai, nitashukuru. Lakini hii moja niache niende na miguu yangu. Hata kidogo tu nijue ilivyo."

"Na ukigongwa?"

Mama akainama akaanza kuokota mchele. Binti aliinuka akaondoka bila kuaga, na chai ikapoa pale pale sakafuni.

Siku ya safari, Mama Pindo alifika stendi kumekucha vizuri, gagulo limefungwa imara, pete kidoleni, Sindano akimbebea begi. Kijana wa tiketi alitazama kompyuta, akakuna shingo.

"Mama, kiti chako kimefutwa."

"Kimefutwa na nani?"

"Alikuja mzee mmoja jana, ana fimbo. Alisema ni kaka yako, una mgonjwa nyumbani, huendi tena. Tulishakiuza."

"Mgonjwa gani?" akauliza, na papo hapo akaelewa kwamba mgonjwa ni yeye.

Alimpigia binti simu pale pale, katikati ya makelele ya wapiga debe.

"Wewe ndiye uliyemwambia mjomba wako?"

"Nilimwambia habari ya macho. Mama, nilikuwa nalia, nilihitaji kumwambia mtu. Sikumtuma afute. Wallahi sikumtuma."

"Haya," alisema mama, akakata. Aliketi juu ya begi lake. Kuona kuwa ndugu yako wa tumbo moja amekwenda dirishani akakufuta, kwa mapenzi, bila hata kuja kugombana nawe uso kwa uso, kulimchoma kuliko gurudumu la mkokoteni.

"Kuna basi la mchana," alisema kijana wa tiketi, ambaye sasa aliona haya. "Kiti cha nyuma kipo. Litafika usiku."

Sindano akamtazama. Mama Pindo akapapasa nauli kwenye mkoba wake. Hasira ilimwambia panda, uwaonyeshe. Lakini usiku kwake haukuwa giza la kawaida; usiku alikuwa haoni hata ukingo wa ngazi. Akiteremka huko, angekuwa kweli kile kifurushi.

"Nipe la kesho asubuhi," alisema. "Na andika hapo kwamba mwenye tiketi hana kaka."

Hakurudi nyumbani. Alilala kwa Sindano, na kesho yake akaondoka.

Alifika mchana. Alitoka jasho alipokuwa akishuka, akishika kila chuma, akigeuza kichwa kushoto na kulia kama kuku anayevuka barabara. Mwanamume mmoja alimfuata hatua kadhaa akitaka kumbebea begi kwa lazima. Alimwambia mume wake yuko pale mbele, akaingia kwenye duka la dawa, akasimama humo akiuliza bei za dawa mpaka yule mtu akakata tamaa. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mkali na msafi. Hakuuliza maswali.

Asubuhi akayafuata maji kwa njia ya miguu, polepole, fimbo ya kukodi mkononi. Aliyasikia kabla ya kuyaona. Na alipofika mbele yake, akapigwa na butwaa la huzuni: hayakuenea machoni. Dirishani siku ile aliyaona yote kwa mara moja, kilele na bonde, juu ya kilemba cha shangazi. Sasa alipotazama juu, chini kulipotea. Alipotazama katikati, kingo zilipotea. Ilimbidi ayatazame vipande vipande, kama fundi anayekagua pindo la nguo ndefu, akisogea inchi kwa inchi. Alilia kidogo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia twende, akaendelea kutazama. Alikaa pale mpaka nguo zikaloa kwa manyunyu na njaa ikamuuma. Aliyajua mapovu yale, moja moja, kuliko mtu yeyote aliyepita pale na macho mazima. Lakini kama angepewa kuchagua, angechagua yale macho mazima.

Aliporudi mtaani, mambo hayakuwa sawa. Kaka yake hakukanyaga chumba cha mafundi kwa muda mrefu. Walikutana misibani, wakasalimiana kwa kichwa. Cherehani haikuuzwa, ila Mama Pindo aliacha kushona kola, akabaki na mapindo, ambayo vidole viliijua njia yake. Binti aliichukua kazi ya matone mwenyewe. Kila jioni alimwegemeza mama kichwa, akadondosha, akapangusa, akaondoka. Neno la safari halikutajwa na yeyote.

Jioni moja alidondosha, akapangusa, asiondoke. Alikaa ukingoni mwa kitanda akizungusha kifuniko cha chupa. Yeye mwenyewe, kwa umri wake wote na cheti chake cha uuguzi, alikuwa hajawahi kulala mahali ambako hakuna anayemjua.

"Usiku ule," alisema, "peke yako kule. Uliogopa?"

"Sana," alisema mama, macho yamefumbwa ili dawa iingie.

"Ukafanyaje?"

"Nikaogopa mpaka kukapambazuka. Halafu nikaomba chai."